Kimondo kilitoboa stoo ya jirani yetu Kasense, na kesi akabebeshwa Mzee Masanja

Wakuu, habari za mchana.

Naandika nikiwa likizo hapa Sumbawanga. Nimemaliza kuchambua maharage ya mama, simu ina chaji nusu na umeme umekatika, kwa hiyo sina chaji ya kupoteza kwa uongo. Nitakachoandika hapa kilitokea. Majina tu nimebadilisha, maana mmoja wa wahusika ana panga kali na bado tunapakana naye.

Najua nikishataja Sumbawanga kuna wajumbe tayari wanaandika "mkuu umekuja na basi au na ungo?"

Nimekuja na basi. Nauli ya ungo imepanda. Tuendelee.

Sasa hivi mimi ni form five. Hili lilitokea nikiwa form four, shule ya kata, siitaji. Nilijulikana kwa mambo mawili tu: kufeli hesabu bila kinyongo, na kuchekesha watu paredi mpaka mwalimu wa zamu anasahau alitaka kutuchapia nini.

Kwanza historia fupi, bila hiyo hamtaelewa kwa nini hakuna mtu duniani aliyeniamini.

Huku Ufipa mababu walikuwa wanayeyusha chuma. Walijenga matanuru marefu ya udongo yanayoitwa malungu, mengine bado yamesimama porini kama vichuguu vilivyoenda shule. Taka zake zimejaa mashambani: mapande meusi, mazito, yana vitundu vitundu. Ukilima, jembe linagonga, unalitupa pembeni, unaendelea.

Kiswahili chake ni mavi ya chuma. Sijatunga mimi, fungueni kamusi.

Nikiwa form three tulipelekwa Mbozi kuona kile kimondo kikubwa. Mwalimu wa Jiografia akasema kuna watu huko duniani wananunua hata vimondo vidogo, tena kwa bei nzuri. Angenyamaza tu yule mwalimu.

Niliporudi nikaokota pande la mavi ya chuma shambani kwetu, nikalipaka mafuta ya kupikia ling'ae, nikalipiga picha. Nikaingia kwenye group moja la Facebook la wakusanya vimondo, wamo watu wa kila nchi. Nikaandika kwa Kiingereza changu kwamba limeanguka jana, bado la moto.

Dakika mbili hazikuisha. Wa kwanza akasema anaona mafuta. Wa pili akauliza kama nililikaanga au nililichemsha.

Mzee mmoja wa Morocco, nitamwita Haji, ndiye aliyenihurumia. Akanieleza kwamba jiwe lenye vitundu vya mapovu karibu kila mara ni taka ya tanuru. Na kwamba kimondo kidogo kikifika chini huwa kimeshapoa, hivyo anayesema "bado la moto" anajitangaza mwenyewe kuwa ni muongo.

Nikacheka. Sikutoka kwenye group.

Wale watu, wakuu, ni burudani. Kuna jamaa ana kipande sawa na punje ya harage, amekijengea kasha lenye taa. Kuna wawili hawasalimiani kwa sababu walibishana jiwe fulani lilianguka upande gani wa mto. Wengine wakisikia tu kwamba anga la mahali fulani limepiga kishindo, wanaomba ruhusa kazini wanapanda ndege.

Na wana masharti kuliko bweni la masista. Usilioshe. Usilipitishie sumaku. Usilishike kwa mkono mtupu. Piga picha kabla hujaliinua, weka na kitu pembeni watu waone ukubwa.

Nikayashika yote. Mole concept ya Chemistry ilinikataa kabisa, haya yakakaa kichwani bila kusoma.

Sasa tukio lenyewe.

Jumamosi, mwezi wa nane, kama saa kumi alasiri. Anga jeupe, hakuna hata kawingu ka kusingizia. Nipo nyumbani, mtaa wetu wa Kasense, na mama, yeye anapepeta ulezi, mimi najifanya nafagia.

Kikalia kishindo. Halafu cha pili. Halafu ngurumo ndefu kama malori ya mahindi yanapita juu ya daraja la mbao, ila daraja liko juu ya vichwa vyetu. Mbwa akaingia ndani. Mama akafanya ishara ya msalaba akiwa bado ameshika ungo (wa kupepetea, tulieni).

Kisha kwa jirani ikasikika PAA! ya bati.

Jirani ni Baba Gaspa, mkulima wa mahindi, mtu wa sauti kubwa. Tulipofika, bati la stoo yake lilikuwa na tundu kama ngumi. Chini ya tundu gunia la ulezi limepasuka, na ndani ya ulezi kuna jiwe. Jeusi kama limepakwa masizi, limeviringika viringika. Kona moja imemeguka, ndani ni kijivu kama saruji.

Halina kitundu hata kimoja.

Nikapiga kelele, "Msiliguse! Ni kimondo! Haliguswi, halioshwi!"

Baba Gaspa akageuka taratibu. "Wewe si ndiye uliyemwambia mke wangu mitungi ya gesi inagawiwa bure ofisi ya mtaa?"

Kweli nilisema. Mama Gaspa alipanga foleni peke yake hadi saa saba mchana.

"Toka kwenye stoo yangu."

Nikatoka. Nikiwa mlangoni nikamsikia Mama Gaspa anasema kwa sauti ndogo, "Radi bila wingu, Baba Gaspa."

Hapo niwaeleze wa mikoa mingine. Radi ya masika ikipiga, huku tunasema ni mvua. Radi bila wingu ina mwenyewe.

Na mwenyewe alishapatikana hata kabla vumbi la stoo halijatulia.

Mzee Masanja ni Msukuma, alihamia huku na ng'ombe zake kabla sijaanza darasa la kwanza. Boma lake liko upande wa juu wa mashamba. Mrefu, mpole, anatembea na fimbo hata akienda chooni. Binti yake Kabula nilikuwa nasoma naye, anakaa dawati la mbele yangu. Chemistry yangu yote ilipitia juu ya bega lake.

Wiki moja kabla, ng'ombe za Mzee Masanja zilikuwa zimeingia kwa Baba Gaspa zikala mabua aliyoyatunza. Wakagombana barabarani, watu wakiona. Baba Gaspa akamwita mvamizi. Mzee Masanja hakutukana. Alinyoosha fimbo juu akasema, "Bwana Gaspa, yule pale anatuona. Atatuamua."

Fimbo juu. Siku saba. Jiwe.

Hesabu hiyo hata mimi naiweza.

Jumapili baada ya ibada Baba Gaspa akamleta katekista. Mwalimu Ladislaus ni mtu mwema, mstaarabu, amenifundisha Komunyo na amenivuta sikio kwa uwiano mzuri. Akaja na maji ya baraka. Kwa jambo zito kama lile, maji yanatiwa na chumvi iliyobarikiwa.

Akanyunyiza. Baba Gaspa akasema, "Mwalimu, ongeza." Akaongeza. "Mwalimu, hapo nyuma halijapata." Akaligeuza, akalimwagia na nyuma. Mwisho jiwe likawekwa kwenye sufuria ya kupikia makande, na maji yake, na kitambaa cheupe juu.

Mimi nachungulia kwenye ua wa mabua. Masharti yote ya wale watu wa group yanavunjwa mbele ya macho yangu, moja baada ya jingine, kwa sala.

Jumatano jiwe likaanza kutoa damu.

Sitanii. Madoa mekundu yalitokea kwenye ile kona iliyomeguka, mistari ikashuka ubavuni, maji ya sufuria yakawa kama chai ya rangi. Habari ikafika mjini kabla ya saa nne asubuhi. Bodaboda walipiga kazi siku hiyo, watu wanaletwa wawili wawili kuangalia sufuria.

Mama mmoja akauliza, "Ni damu ya nani?" Kila mtu akaanza kuhesabu watoto wake.

Alhamisi ukaitishwa mkutano wa mtaa. Mwenyekiti akasimama, akarekebisha koti.

"Ndugu wananchi, Serikali haiamini uchawi."

Watu wakaguna.

"Lakini Serikali inaamini amani."

Watu wakapiga makofi.

Kwa hiyo kwa ajili ya amani, Mzee Masanja anaombwa ahame yeye, familia na mifugo yake, kabla ya Jumapili jioni. Anaombwa. Nyuma ya mwenyekiti walisimama vijana watatu na dumu la petroli. Walisema ni la pikipiki. Hakuna hata mmoja wao mwenye pikipiki.

Mzee Masanja akauliza, "Nihamie wapi, mwenyekiti?"

"Ufipa ni kubwa, mzee."

Mimi nilikuwa nimekaa juu ya tofali, nasikiliza kama napiga picha kichwani. Sikuwa na uchungu wa ajabu, niseme ukweli. Nilichofikiria ni kwamba mtihani wa taifa ulikuwa mbele kama miezi miwili na kidogo, Kabula amesajiliwa shule yetu, na huwezi kuhamisha namba ya mtihani kama unavyohamisha mbuzi. Akiondoka Jumapili, form four yake imeishia hapo.

Halafu nikafikiria na Chemistry yangu. Nimewaahidi ukweli.

Mkutano ulipoisha nikapita kwa Mama Gaspa, nikamwambia naomba kuiona damu. Akaniruhusu, maana wageni wote walikuwa wanaruhusiwa. Nikaweka dadu la ludo pembeni ya jiwe, nikapiga picha, nikairusha kwenye group.

Komenti ya kwanza: "Yule wa mafuta amerudi."

Ya pili: "Safari hii ametumia nyanya."

Nikatuma picha nyingine ya karibu, ile ngozi nyeusi inavyoonekana. Group likabadilika ghafla. Watu wakaanza kuuliza saa, upande ulikotoka mlio, tundu la bati lina upana gani. Haji akaja.

Akauliza, "Mmeliosha?"

Nikajibu, "Hapana. Limebarikiwa tu."

"Kwa kitu gani?"

"Maji na chumvi."

Mtu akatuma uso unaolia. Mwingine naye. Wakaendelea kama msibani.

Haji akaandika maelezo marefu. Kwa ufupi: ndani ya jiwe kama lile kuna punje ndogo ndogo za chuma ambazo hazijawahi kukutana na hewa yetu. Maji yanaziharibu. Maji ya chumvi yanazimaliza. Hiyo mnayoiona si damu, ni kutu. Litoeni humo, lipanguseni kwa spiriti, lifukieni kwenye mchele mkavu, na mwambieni huyo padri aache.

Si padri, ni katekista, lakini ujumbe ulifika.

Ijumaa shuleni nikamkuta Kabula anagawa madaftari yake. Ndiyo, anagawa. Historia kampa huyu, Baiolojia kampa yule. La Chemistry akaniwekea mimi juu ya dawati.

"Chukua," akasema. "Upumzishe shingo."

Nikampa simu asome alichoandika Haji. Kiingereza chake ni kizuri kuliko changu na cha Haji tukijumlisha. Akasoma mara mbili.

"Kutu," akasema. "Form two. Misumari kwenye test tube."

"Siikumbuki hiyo."

"Utaikumbukaje? Ulikuwa unaikopi."

Akachukua daftari lake juu ya dawati langu, akalirudisha kwenye begi. "Unaweza kupata yale maji yenyewe? Si mengine. Yale yale."

Mimi nimekuwa mtumikiaji altareni miaka mitano. Najua funguo za sakristia zinakaa wapi na najua katekista analala saa ngapi mchana. Ijumaa hiyo hiyo nikarudi na chupa ya soda imejaa baraka.

Kabula akaweka misumari mitatu kwenye chupa ya jamu na yale maji. Kisha akaweka mingine mitatu kwenye chupa nyingine, mikavu, akafunga.

"Ya nini hiyo?"

"Bila ya pili hawataamini ya kwanza."

Jumapili baada ya ibada watu wakajaa uwanja wa ofisi ya mtaa. Kwa Mzee Masanja ng'ombe zilikuwa zimeshatolewa bomani, zimesimama barabarani zinasubiri. Mkewe ameshafunga masufuria kwenye kanga. Vijana wa dumu wamekaa mbele kabisa.

Nikanyoosha mkono. Mwenyekiti akaniona, akaangalia upande mwingine. Nikanyoosha miwili.

"Mpe nafasi tucheke kabla ya kazi," mtu akasema.

Nikaweka chupa mbili mezani. Ile kavu, misumari safi inang'aa. Ile ya baraka, maji ni mekundu, misumari imeota magamba ya rangi ya udongo, ile ile ya sufuria ya Mama Gaspa.

"Misumari hii nimenunua Ijumaa dukani," nikasema. "Haijatumwa na mtu. Na yenyewe inatoa damu."

Minong'ono. Katekista akasimama. "Maji hayo umeyatoa wapi?"

"Kwenye pipa la kanisa, Mwalimu."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Nilikuwa nakuja kuomba, ukawa umelala."

Watu wakaangua kicheko. Nikajua nimekwisha. Lakini katekista alisogea mezani, akachukua chupa, akaigeuza kwenye jua. Yule mzee kila Jumatano anabeba maji na chumvi kwenye baiskeli kwenda vigango vya mbali. Akasema polepole, kama anajisemea, "Ndiyo maana lile bomba la nyuma la baiskeli yangu lilikatika."

Akawageukia watu. "Hii ni kutu. Jiwe lina chuma ndani. Mimi ndiye niliyelitia maji." Akamwangalia Mzee Masanja. "Mzee, ile damu ni kazi yangu. Nisamehe."

Wakuu, ule ulikuwa ujasiri ambao sijauona tena kwa mtu mzima. Nilidhani kesi imeisha.

Baba Gaspa akasimama. "Sawa. Damu ni kutu. Na jiwe je? Jiwe lenyewe limetumwa na nani?"

Kila mtu akasema eeeh. Kijana mmoja akaliinua dumu, akaliweka magotini.

Hapa ndipo nilipofanya kosa langu, na ndilo lililonifanya nianzishe uzi huu.

Nilikuwa na jibu sahihi. Haji alishanipa. Mawe haya yanazunguka huko juu tangu zamani, dunia inapita njiani, mengine yanaanguka, hayamjui Gaspa wala Masanja. Nilikuwa nalo mdomoni. Lakini niliangalia zile sura nikaona ni refu, ni somo, watanizomea. Na kicheko cha kwanza kilikuwa kimeshanilewesha.

Nikasema, "Jamani, hili jiwe lina wanunuzi. Kuna watu wanapanda ndege kulifuata. Sasa kama kweli Mzee Masanja ndiye anayeyashusha, tunamfukuza wa nini? Tumwombe ashushe jingine kila kaya!"

Uwanja ulipasuka. Mwenyekiti alicheka mpaka akavua kofia. Vijana wa dumu wakacheka, mmoja akalikalia dumu ili acheke vizuri. Hata Baba Gaspa meno yalimtoka, kisha akauliza haraka haraka, "Wanunuzi wanatokea wapi?"

Mwenyekiti akapata upenyo. Akasema kwa kuwa jambo limekuwa la kitaalamu, mkutano unaahirishwa na Mzee Masanja aendelee na shughuli zake.

Ng'ombe zikarudi bomani. Nikabebwa juujuu. Kabula peke yake hakucheka, ila nilidhani amechoka.

Wiki iliyofuata akaja dalali kutoka Tunduma na mzani na lenzi. Akalishika jiwe la Baba Gaspa, linamwagika unga mwekundu mkononi. "Hili limeoza," akasema. "Hamna ambalo halijabatizwa?" Akalichukua kwa thamani ya jogoo wawili, na hapo alijikaza.

Mtaa mzima ukaingia mashambani. Walileta magunia. Yote mavi ya chuma. Dalali alifungua gunia la kwanza, la pili, akapanda gari yake akaondoka bila kufungua la tatu.

Kimondo cha pili hakikupatikana. Watu wakakaa wakafikiri. Na walichofikiri kilinishangaza.

Siku moja nilikuwa kwa kina Kabula, tunasoma nje. Akaja Baba Gaspa amekumbatia jogoo. Huyu mtu miaka yote hajawahi kumsalimia Mzee Masanja kwa hiari yake.

"Habari za hapa, Mzee Masanja. Nimekuja kijirani."

"Karibu, Bwana Gaspa. Kaa."

"Sikai. Lile la kwanza liliharibika, unajua. Yale maji."

"Nilisikia."

Baba Gaspa akasogea karibu. "Sasa nilikuwa naomba, kwa utaratibu wako mwenyewe, likija lile jingine lishuke shambani. Si kwenye bati. Bati ni gharama."

Mzee Masanja akaonyesha boma kwa fimbo. "Bwana Gaspa, mimi nachunga ng'ombe."

"Ndiyo, ndiyo. Naelewa." Akakonyeza jicho. "Siri."

Akamfunga jogoo kwenye mti wa boma, akaondoka.

Mimi nilicheka mpaka nikaanguka kwenye benchi. Kabula akaendelea kuandika.

Baada ya hapo wakaja wengi. Mmoja na debe la ulezi. Mmoja na asali. Wale vijana wa dumu walikuja wote watatu, wakapiga shikamoo kwa pamoja kama kwaya. Mzee Masanja aliwarudishia vitu vyao, wakaona hajaridhika na kiwango, wakarudi na vikubwa zaidi.

Halafu akaja mama mmoja ambaye hakutaka lishuke shambani kwake. Alitaka lishuke kwa mtu. Alitaja jina na rangi ya bati. Akaja na mwingine wa hivyo. Na mwingine, huyo alitaka usiku, watu wakiwa ndani.

Hapo sikucheka.

Mzee Masanja akaacha kupokea wageni. Jioni moja nilimpelekea Kabula kitabu, mzee akaniita. Nilidhani ananifukuza. Akasema kwa sauti yake ile ile ya chini, "Ng'wanawane, mwanangu, waliponiogopa walitaka niondoke. Sasa wananihitaji. Siku wakichoka kusubiri jiwe, watasema nimewanyima. Siku likimwangukia mtu, watasema nimetuma. Sasa nikae nasubiri ipi?"

Nikamwachia kitabu mkononi, nikaondoka.

Mwezi wa tisa mwishoni akaswaga ng'ombe kuelekea Laela. Safari hii hakuna aliyemwomba ahame. Watu walijipanga barabarani wanamsihi abaki, wengine wanalia kabisa. Baba Gaspa alimwambia, "Hata kama ni mbali, mzee, usitusahau." Na mkono ukaonyesha juu.

Kabula alibaki. Katekista ndiye aliyemchukua akakaa kwake mpaka mtihani uishe, akalala chumba kimoja na binti zake. Alifanya karatasi zote. Alifaulu kuliko sisi wote, yuko shule ya mbali huko, anachukua PCB, Chemistry ikiwemo.

Siku ya karatasi ya mwisho nilimkuta getini na begi lake, anasubiri gari ya Laela. Nikamwambia angalau tulishinda, dumu halikumwagwa.

Akasema, "Ungewaambia tu kwamba hakuna anayelituma."

"Wasingenisikiliza, Kabula."

"Wangekuzomea. Ungekaa chini. Lakini ungekuwa umelisema." Akapanda gari.

Nimelifikiria hilo kwa muda. Kisayansi tulishinda kesi ya kutu. Ile nyingine, ya nani katuma, mimi ndiye niliyewakubalia mbele ya mkutano mzima, kwa sababu kukubali kulikuwa kunachekesha zaidi. Yule mzee aliingia mkutanoni akiwa mtuhumiwa, akatoka akiwa amethibitishwa. Na aliyemthibitisha hata kupaa na ungo hajawahi.

Funzo kwangu ni hilo tu. Ukiwa na ukweli mfupi na utani mtamu, na mbele yako kuna mtu anayesubiri kufukuzwa, anza na ukweli. Utani utaukuta.

Kwenye group la vimondo niliwaeleza mwisho wa jiwe. Wamesikitika sana, kuna mmoja amesema hatasahau. Kuhusu mzee hakuna aliyeuliza, isipokuwa Haji.

Haya, uwanja ni wenu. Wenye uzoefu wa vimondo waje watufundishe, wenye maswali ulizeni nitajibu chaji ikirudi. Matusi pia napokea, nimeshayazoea.

Ila kuna ombi. Nimewahi kusimulia hili kwenye group la darasa letu, na ndani ya saa moja watu wanne walinifuata pembeni. Kwa hiyo wewe unayetaka namba ya Mzee Masanja kwa sababu kuna bati la mtu umelikusudia, usije PM.